Kiti cha Ziada kwenye Matatu ya Krismasi

Kila mwaka, sikukuu ya Jamhuri ya tarehe 12 Desemba ikishapita, Nairobi huanza kupungua watu. Nyamakima na stendi ya Machakos Country Bus hujaa mabegi, mabunda ya unga wa ngano na katoni za mafuta ya kupikia zinazokwenda mashambani. Nauli ya asubuhi si nauli ya jioni, na tiketi za treni ya Madaraka Express ya kwenda Mombasa huwa zimekwisha kabla wengi wetu hatujaona mshahara. Sisi tunaobaki huulizwa, tena kwa sauti ya kuhurumiwa, "Kwani ninyi hamwendi nyumbani?"

Nimeacha kuona haya kujibu swali hilo. Tunabaki Nairobi kwa hiari yetu, tunatembea Nairobi, na kwa maoni yangu msaada wetu wa mwisho wa mwaka unapaswa kuingia ndani ya matembezi hayohayo, badala ya kutengewa siku yake, bango lake na picha zake. Anayetaka kutoa Desemba hii na ambebe mtu mwingine katika safari ambayo angekwenda hata hivyo. Maoni haya sikuzaliwa nayo. Niliyapata kwa njia ya aibu.

Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilichanga pesa, tukakodi matatu, tukaenda kwenye makao fulani ya watoto nje kidogo ya jiji. Tulibeba unga wa mahindi, mchele, kreti za soda na bango lenye jina la chama, ambalo, nikikumbuka vizuri, liligharimu zaidi ya mchele. Tulipofika saa saba mchana, magari ya kundi jingine yalikuwa yakitoka langoni. Watoto walipangwa mistari, wakatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni, na ilisikika wazi kwamba hawakuwa wakiuimba kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mvulana wa kama miaka tisa aliyesimama karibu nami alizitazama kreti zikishushwa, akamgeukia mwenzake, akasema kwa upole kabisa, "Ni soda tena."

Stoo tulikopelekwa kuweka unga ilikuwa imejaa hadi usawa wa dirisha, na pakiti za safu ya chini zilikuwa zimeanza kuingia wadudu. Nilimuuliza msimamizi walichokuwa wakikikosa hasa. Alijibu upesi, kama mtu aliyekuwa amengoja muda mrefu mtu amuulize: "Njooni Februari. Mwezi huo hatuoni mtu, na bili ya maji huja vilevile." Tukaitikia, tukapiga picha ya pamoja bango likiwa mbele, tukarudi mjini tukala nyama choma. Februari hatukwenda.

Sisemi makao hayo yasusiwe. Hata hivyo, serikali yenyewe ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarejesha katika familia na jamii, kwa kuwa wengi wao wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowaondoa nyumbani mara nyingi ni umaskini. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, utagundua kwamba mtoto unayemtafuta kwa gari la kukodi huenda anaishi ploti yako. Kumsaidia mzazi wake leo, angali naye, ni rahisi kuliko kumtembelea mtoto mwenyewe kesho akiwa kwenye mistari akiimba.

Kwetu Buruburu, mtoto huyo hahitaji kutafutwa. Mlinzi wa geti letu huletewa wanawe wawili kutoka kijijini shule zinapofungwa, nao hukaa naye katika chumba kimoja muda wote wa likizo hii iliyo ndefu kuliko zote za mwaka. Mama anayetuuzia mboga hufungua kibanda hata siku ya Krismasi yenyewe, maana hiyo ndiyo siku ambayo kila nyumba hugundua saa nne asubuhi kwamba haina dania. Bintiye hushinda hapo kwenye kibanda akipanga nyanya. Watoto hawa wanaijua Barabara ya Jogoo kituo kwa kituo, lakini hawajawahi kumwona simba, ilhali simba wako katika jiji hilihili.

Ni jambo la ajabu ambalo tumelizoea mno. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na katika kilomita zake za mraba 117 mna simba, vifaru, nyati na twiga ambao ukiwapiga picha huwezi kukwepa maghorofa yaliyo nyuma yao. Ndovu hawamo, na ni heri kuwaambia watoto mapema. Mtu asiye na gari huweza kwenda Nairobi Safari Walk, karibu na lango kuu la Barabara ya Lang'ata, ambako hutembea kwa miguu juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa na kuwatazama wanyama kwa utulivu. Jirani yake ni kituo cha wanyama mayatima kilichofunguliwa mwaka 1964. Malipo ya hifadhi hizi hufanywa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni. Lipieni nyumbani, kwa sababu foleni ya watu wanaotafuta neno la siri langoni nimeipanga na sitaki kuipanga tena.

Lakini mwaka wa kwanza tulipobeba majirani tulikwenda Makumbusho ya Taifa, na siku ile imebaki kichwani mwangu kuliko ya simba. Uani pale pana sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe na ambaye alikufa mwaka 1974. Watoto waliizunguka mara tatu wakibishana kuhusu uzito wa pembe. Ndani, tulifika mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alimgundua Nariokotome mwaka 1984 na ambaye aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwana mkubwa wa mlinzi alisimama ubavu ubavu na kioo, akanyoosha mguu wake, akaulinganisha na mfupa wa paja uliokuwa upande wa pili. Alipima kwa kiganja, akarudia kupima. Kisha akatangaza, "Huyu alikuwa mrefu kunishinda," nasi watu wazima tukajikuta tunasoma maelezo ukutani ambayo tungeyapita. Wanangu mwenyewe walikuwa wamefika pale mara mbili na hawakuwahi kuona chochote zaidi ya duka la vinywaji.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu yangu ya nani anamsaidia nani ilikuwa na kasoro. Mama mboga alinisaidia kuimaliza. Tulipomwalika mwaka uliofuata twende Karura, nilimwambia asibebe kitu, kila kitu kipo. Alinitazama huku akifunga sukuma wiki. "Jirani," akasema, "mimi siendi kwa watu mikono mitupu." Usiku wa kuamkia safari alikuja kwetu na kilo mbili za unga wake mwenyewe, akakanda chapati pamoja na mke wangu hadi saa sita, na asubuhi akatokea na beseni la kachumbari na matikiti maji mawili. Zile chapati zake, zenye matabaka yanayoachana ukizishika tu, ndizo zilizokwisha kwanza. Za kwetu tulirudi nazo.

Msituni Karura kwenyewe tulianza kwa kuzuiliwa. Nilikuwa nimenunua katoni ya maji ya chupa nikisahau kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu, na katoni yote ikabaki langoni. Tulikunywa chai ya thamosi hadi ikaisha. Watoto hawakujali, kwa sababu kuna maporomoko ya maji, na kuna mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na mtoto aliyeonyeshwa pango hakumbuki kiu. Niliwasimulia pia kwamba msitu huu wa takriban hekta 1,000 ungekuwa mtaa wa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangesimama dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, na kwamba Januari 1999 walipigwa na kujeruhiwa wakijaribu kupanda mti. Binti wa mama mboga akauliza ni mti upi. Sikuwa na jibu, kwa hiyo alichagua mmoja alioupenda, akaukumbatia.

Sitaki mtu afikiri haya ni matembezi ya malaika. Wanangu waligombania dirisha na wageni wao tangu Jogoo hadi Kiambu Road, na mdogo aliuliza kwa sauti ya juu kwa nini "wale" wanakuja nasi. Ukibeba mtoto wa mtu ni lazima umwombe mzazi kwa heshima na mapema, asije akajisikia amebanwa kukubali kwa kuwa wewe ndiwe unayemlipa. Afadhali mzazi mwenyewe aje, na akikataa, iishie hapo. Tena hakuna picha zinazopelekwa mtandaoni. Picha za watoto wale ninazo, nimewapa wazazi wao, basi.

Kuna rafiki yangu anayesema kwamba kiti kimoja kwenye matatu hakiondoi umaskini wa mtu. Ni kweli. Hata unga wetu wa stoo haukuondoa. Tofauti ninayoiona ni kwamba tangu tulipokula sufuria moja pale Karura, nimekuwa najua mambo ya majirani zangu ambayo sikuyajua kwa miaka sita ya kuwasalimia: kwamba mlinzi hulipwa tarehe 10 ilhali shule hufunguliwa kabla, na kwamba sare ya shule ndiyo inayomnyima usingizi, si chakula. Kwa hiyo pesa za bango na soda tunazigawa mara mbili. Nusu inaingia kwenye safari. Nusu inawekwa kando hadi ule mwezi tunaouita Njaanuari, wakati kila mtu amerudi mjini akiwa mtupu na hakuna kundi linalotembelea mtu. Yule msimamizi wa makao alikuwa amenieleza jambo hilihili, ila ilinichukua miaka kumsikia.

Kuna utoaji mwingine wa Desemba ambao hauhitaji hata gari. Wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji damu nchini, na shule zinapofungwa akiba hupungua wakati uleule ambapo ajali za barabarani huongezeka. Damu haihifadhiki mwaka mzima. Baada ya wiki tano au sita huwa haifai, kwa hiyo ya Oktoba haitamfaa majeruhi wa mkesha wa mwaka mpya. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa angalau kilo 50 hutoa kiasi cha mililita 450, mwanamume baada ya kila miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Mimi huenda siku tunapowapeleka watoto katikati ya jiji, nao hunisubiri wakinitazama kwa hofu, wakijua kwamba nitapewa soda na kwamba nitawagawia.

Pia tunaweza kutoa kwa namna tunavyonunua. Tukipanda Ngong na matatu ya 111 kwenda kwenye vilima, tunakata bei ya mama wa mahindi ya kuchoma kwa shilingi kumi, kisha jioni tunaketi kwenye mkahawa wa jengo la maduka na kulipia kahawa bila kuuliza bei. Nimeifanya tabia hiyo mara nyingi na siwezi kuitetea.

Mwaka huu tunakusudia kurudi mbugani, tarehe 26, siku ambayo mama mboga amekubali kufunga kibanda baada ya mabishano marefu. Ameshaniagiza nisinunue unga. Mlinzi anabadilishana zamu na mwenzake ili aje pamoja na wanawe, na mjane wa nyumba ya nne, ambaye kwa miaka miwili amekula Krismasi peke yake na redio, amesema atafikiria, ingawa jana nilimwona akianika kofia. Matatu tuliyokodi ina viti 14. Nikimhesabu na yeye, tumejaza 12.