Kitanda cha sita kwa sita kilivyoiumbua ramani

Mteja akikuletea ramani kwenye flashi halafu akakwambia "kila kitu kimo, wewe nitolee picha tu", agiza chakula mapema. Mama huyu aliingia ofisini Ijumaa jioni, mkono mmoja flashi, mkono wa pili risiti ya kitanda. Cha mninga, sita kwa sita, kimeshalipiwa nusu. Msingi wa nyumba yake kule Goba ulikuwa umeshapanda, na Jumapili alikuwa na kikao cha familia. Wanawe walitakiwa waione nyumba kwa 3D ndipo mioyo ilainike wachangie bati.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Si kazi kubwa, mchoraji ameshamaliza."

Mchoraji mwenyewe alikuwa amehamia mkoani, na simu yake ilikuwa ya kupatikana kwa bahati. Nikaifungua ramani kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani. Kwa macho, ilipendeza. Chumba kikuu 3600, korido 1200, sebule 4050, na chini kabisa jumla ya upana, 9000. Milimita zote, zimepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wa paredi. Nikaihifadhi, nikaiingiza SketchUp, programu ya kuisimamisha nyumba kwa 3D, Mama akavuta kiti akae karibu na skrini.

Ikatokea nyumba isiyo na mwisho. Nikarudisha picha nyuma, nikarudisha tena, hadi kule pembeni kukaonekana kidoa. Kile kidoa ni yule mtu ambaye SketchUp humsimamisha kwenye kila faili jipya ili ujue ukubwa wa vitu.

"Huyo mtoto wa nani?" Mama akauliza.

"Ni mtu mzima, Mama. Ni wa programu."

"Mbona amesimama mbali hivyo? Mwambie aingie."

Angeingiaje? Mlango wa milimita 900 ulikuwa umegeuka inchi 900, yaani karibu mita 23 za upana. Nyumba nzima ilikuwa na mita 228. Jamaa alichora kwa milimita, lakini alianzia kwenye kiolezo cha Kimarekani, kwa hiyo faili lenyewe lilikuwa limejiandikisha kuwa ni la inchi. AutoCAD haijali, kwake namba ni namba. Ni SketchUp ndiyo iliyosoma cheti cha kuzaliwa na kukiamini, ikazidisha kila kitu mara 25.4. Mama hakuchukia. Alisema kama inawezekana tuiache hivyo hivyo, ndugu zake wa Kibaha waione.

Nikaliingiza upya, safari hii nikaitajia programu kwa mdomo wangu kwamba ni milimita. Nyumba ikarudi saizi yake. Ila ikaja uchi: hakuna jina la chumba, hakuna kipimo hata kimoja. Hiyo nayo si ajabu, SketchUp ikipokea ramani ya AutoCAD huchukua mistari tu, na maandishi, vipimo na hachi, yaani michirizi ya kujazia maumbo, huviacha mlangoni. Mama ndiye aliyeshtuka, akataka kujua namba zake zimekwenda wapi na kama zitalipiwa tena. Nikamwambia namba ziko salama kule kwenye AutoCAD, mistari ndiyo nyumba. Sentensi hiyo ilinirudia baada ya nusu saa.

Kuta zikasimama, madirisha yakakaa, tukafika chumba kikuu, kilichomleta Mama. Akaamuru kitanda, kabati la milango ya kusukuma, na vimeza viwili vya pembeni kwa ajili ya taa. Nikaweka kitanda, sentimita 183. Vimeza, 45 kila kimoja. Nikalisukuma kabati la sentimita 60 lije ukutani. Likagoma. Nikalisukuma tena, likatokeza upande wa pili, nusu chumbani na nusu koridoni.

"Kompyuta yako imekula chumba changu," akasema Mama.

"Hapana Mama, haiwezi."

"Mimi nimepigia hesabu na fundi seremala. Vyote vinaenea kwenye 3600, na nafasi inabaki. Pima."

Nikapima. 3150. Nikarudi AutoCAD, namba pale pale inasema 3600. Nikapima mstari wenyewe kwa amri ya DIST: 3150. Hapo nikajua tunacheza na nani. Nikabofya kipimo, nikafungua sifa zake, na kwenye kile kisanduku cha kubandika maandishi juu ya kipimo nikaikuta 3600, imeandikwa kwa mkono.

Kwa asiyechora, kipimo cha AutoCAD hujisoma chenyewe. Ukisogeza ukuta, namba inafuata. Lakini programu imeacha kidirisha cha kuandika unachotaka wewe, na ukishaandika, namba inaganda hapo hata ukuta ukihamia Morogoro. Mimi ningekuwa na mamlaka, kile kisanduku ningekitia kufuli na ufunguo akakaa nao bibi yangu. Nikakifuta. 3600 ikawa 3150 mbele ya mwenye nyumba.

"Rudisha!" akapiga kelele.

Nikamuuliza taratibu kama aliwahi kuomba mabadiliko. Akafikiri. "Nilimpigia aniongezee chumba, si unajua kitanda. Haikupita robo saa akanitumia ramani mpya. Nikasema kijana ana mkono mwepesi huyu! Nikampa na ya soda."

Nikachukua kalenda ya ukutani nikapiga hesabu nyuma yake. 3600, 1200, 4050, jumlisha kuta nne za milimita 150. Inakuja 9450. Ramani inasema 9000. Sasa swali halikuwa la kompyuta tena, maana msingi umeshapanda kule Goba, na mafundi wote wanafundishwa jambo moja: usiweke rula kwenye karatasi, fuata namba iliyoandikwa. Fundi alifuata ipi?

Mama akampigia, akaweka spika.

"Chumba kikuu umekitoa ngapi?"

"3600, Mama, kama ramani."

"Sebule?"

"4050, umesema una makochi."

"Na nyumba nzima?"

"Tisa kamili. Sikuweza kuongeza, pale ni ukuta wa jirani."

"Sasa zile 450 umezitoa wapi?"

Kimya kidogo, kelele za zege nyuma yake. "Si koridoni."

Nikafanya hesabu kichwani. Korido imebaki na 750.

"Watu watapishanaje humo?" Mama akauliza.

"Mama, watu wa nyumba moja wanapishana ya nini? Mmoja anasubiri, mwenzake anapita."

Mama akakata simu, akanigeukia. Akaniambia nichore korido hiyo hiyo ya fundi, nisiifiche. Kisha nimtafutie toroli kwenye vitu vya bure vya SketchUp, na fundi mwenye kofia. Nikavipata. Niliviweka koridoni, fundi akiwa nyuma ya toroli, na mbele yake, uso kwa uso, nikamweka mtu mzima wa programu.

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuonyesha Jumapili," akasema. "Na fundi aje kwenye kikao. Nataka nione nani anarudi nyuma."