Chama cha historia Iringa kianzie Isimani

Ikitajwa historia ya Iringa, wote tunakimbilia kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: ushindi wa Lugalo, Agosti 17, 1891, ngome yake ya Kalenga kuangushwa 1894, fuvu lake kurudishwa 1954. Sina ugomvi na hayo. Ila Mkwawa ana makumbusho, ana chuo, ana watu wa kumsemea. Mimi natamani tuwe na chama cha historia cha mkoa, na kazi yake ya kwanza iwe Isimani.

Kwa vijana wasioijua: Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, enzi zile za kusukuma vijiji vya Ujamaa kwenye mashamba ya mahindi. Mwamwindi alinyongwa. Zaidi ya hapo, utasikia kila mtu na yake, na wengine hugeuka kwanza kuangalia nani yuko jirani.

Kukusanya historia si jambo geni nchini. Mwaka 1936 lilianzishwa jarida la Tanganyika Notes and Records. Mabwana shauri, maofisa wa mkoloni, wakawa wanaandika habari zetu, kwa Kiingereza, wakisomana wenyewe. Baada ya uhuru wasomi wa Dar es Salaam wakaunda Chama cha Historia Tanzania. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji. Hiyo ndiyo hatua ninayoihusudu kuliko zote, maana vita vilianza 1905, na miaka 63 baadaye bado walikuwapo wa kuulizwa. Sasa piga hesabu ya Isimani. Aliyekuwa na miaka ishirini Krismasi ile amevuka sabini.

Kalamu ilitoka kwa ofisa ikaenda kwa profesa. Kushuka mkoani, mpaka kwa mwalimu mstaafu, katekista na mama muuza mahindi, bado.

Najua tunavyoanzisha vyama: katiba, muhuri, fulana, kisha kikao cha kudai posho. Miradi nayo ina mwisho wake. Boma la Iringa lilifanywa makumbusho mwaka 2016 kwa msaada wa fedha za Ulaya, na ni kazi nzuri, lakini simulizi za wazee hazisubiri mfadhili. Tuchangishane kama wana-vikoba wanavyochangishana. Simu zetu zinarekodi sauti. Mzee ahojiwe kwa Kihehe au Kibena, apendavyo, na nakala ibaki kwa familia yake.

Na mlezi hatumtaki. Kila chama hapa kwetu lazima kiwe na mlezi, mbunge au mkuu wa wilaya, anayetoa bahasha siku ya uzinduzi. Akitaka, alipe ada awe mwanachama kama sisi. Chama chenye mlezi wa serikali kitakwenda Isimani, kitapiga picha, kitarudi mjini bila kumuuliza mtu yeyote shamba lilikuwa la nani.