Saini inajulikana, mkono je?

Mwambie mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba kwamba saini yake inastahili ulinzi kama alama ya kidole, naye atakuuliza unalinda nini, ilhali saini hiyo imo kwenye kila karatasi ya mzigo aliyowahi kumpa mtu. Hoja yake ina uzito. Saini si siri, tena ikighushiwa mwenyewe anaweza kuibadili, kidole hakibadiliki.

Hayo ni ya karatasi. Ukisaini kwa kalamu ya mashine juu ya kioo, hakichukuliwi kile kimchoro tu. Kila sekunde mashine husoma mara mia au zaidi kalamu ilipo, na nyingine hupima pia umeikandamiza kiasi gani. Mwizi wa karatasi anapata umbo. Mwizi wa kumbukumbu za mashine anapata mwendo mzima wa mkono.

Na mkono unasema mengi kuliko jina. Ugonjwa wa Parkinson hufanya mwandiko uwe mdogo na wa polepole, pengine wa kutetemeka, na watafiti wamekuwa wakiutafuta kwa vipimo vya aina hii hii. Chukua mama aliyekopa kila mwaka, miaka kumi, kwa ajili ya nyavu na injini. Saini zake zikipangwa kwa mfuatano zinaweza kueleza habari ya afya yake ambayo yeye mwenyewe hajaijua. Afisa mikopo ana haki gani ya kukaa na habari hiyo? Mimi siioni.

Kuzilinda si kazi nyepesi. Nywila huandikwa ile ile kila siku, kwa hiyo mfumo hauhitaji kuitunza ilivyo; hutunza alama iliyokokotolewa kutoka kwake, na kulinganisha alama hizo. Saini haifanani na yenyewe hata mara mbili, ndiyo maana mashine hutunza mfano wa kulinganishia. Mwaka 2010 Emanuele Maiorana, Patrizio Campisi na wenzao walionyesha njia ya kuuvuruga mfano huo kwa ufunguo, yaani namba za siri, na kuulinganisha ukiwa umevurugwa hivyo hivyo. Ukiibwa, unafutwa na kutengenezwa mwingine kutoka mkono ule ule.

Wapinzani wanasema ulinzi huo hupunguza usahihi, na wanasema kweli. Mzee aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe kufuata fedha zake, mashine ikimkataa, amepoteza siku na nauli. Lakini huyo anaweza kuhudumiwa kwa kitambulisho na mhudumu anayemtazama usoni. Mfano ulioibwa ukiwa wazi haurudi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria, yaani za kumtambua mtu kwa mwili au mwenendo wake, kuwa nyeti. Kwa hiyo chama cha akiba na mikopo cha hapa Mwanza kinapoletewa mashine ya kusainia, bodi imuulize muuzaji, kabla ya kulipa, mifano ya wanachama itakaa wazi au imevurugwa, na ufunguo atakaa nao nani.