Gari la taka halipandi mlima

Mvua ya kwanza ya vuli ikishuka Mwanza, angalia mtaro wowote unaotoka Igogo au Mabatini, makazi ya milimani. Pampasi, chupa za maji, maganda ya mihogo, viroba vizima vimefungwa shingo, vyote mbio kuelekea ziwani, vingine kupitia Mto Mirongo, na ndiko tunakochota maji ya kunywa. Kisha unasikia watu wa milimani wanaitwa wachafu. Nakataa kabisa.

Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Ni jambo kubwa, waulize waliokuwa wakisubiri kivuko na mgonjwa garini. Uchumi unakua, sibishi. Ila mama wa Igogo bado ana kiroba cha taka mlangoni tangu Jumatatu.

Hebu tukifuate hicho kiroba. Kile cha kilo 50 za unga, kikijaa taka mbichi za jikoni na majivu, ni mzigo wa kilo 25 hadi 30. Gari halifiki, maana njia yenyewe ni ngazi za mawe na upenyo wa mtu mmoja. Lazima kishuke kichwani mpaka barabarani, siku na saa ambayo hakuna aliyetangaziwa. Gari lisipotokea, mbwa na korongo wanakipasua. Siku ya tatu kina funza. Usiku mvua ikianza, kinasukumwa mtaroni, na aliyekisukuma ada ya taka alishalipa.

Huko chini kwenye kalavati, pampasi inanasa kwenye jiwe, chupa zinabana nyuma yake, mchanga wa mlimani unajaza nafasi iliyobaki. Mvua mbili tatu tu, tundu limeziba nusu na maji yanaingia majumbani. Watu hukimbilia kuweka nondo mdomoni mwa mtaro. Zikisimama wima zinaziba haraka. Zilazwe mshazari, pasafishwe kila mvua ikikatika, na kinachotolewa kipakiwe siku hiyohiyo. Kikiachwa ukingoni, mvua inayofuata inakirudisha.

Milima hii inahitaji wabebaji wanaolipwa. Vijana wa mtaa wagawiwe njia, nyumba 40 au 50 kila mmoja, washushe viroba siku mbili za wiki zinazojulikana, na kontena la chini liondolewe kabla halijafurika. Walipwe kila wiki, kutoka kwenye ada hiyohiyo. Hapa ndipo kikundi kinapofia: kinachukua mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kinanunua guta, kinapiga kazi miezi mitatu bila malipo, tairi zinaisha, rejesho linadaiwa. Halafu vijana wanaambiwa hawakopesheki. Inauma.

Mtasema halmashauri haina fedha. Nakubali kidogo: kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme, haianzii tena mikononi mwao. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka taka mabegani mwa serikali za mitaa, na mtaro ukiziba, fedha ya kukodi kijiko, ile mashine ya kuchimba, kuufukua lazima itafutwe.

Madiwani wa Nyamagana na Ilemela, mkikaa kwenye bajeti tengeni fungu la wabebaji, lenye jina lake. Na siku ya gari iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kila ofisi ya mtaa, herufi kubwa, mtu aione akiwa anapita na ndoo kichwani.