Ikigai mnayofundishwa huko Bongo sio hii ninayoiona huku Japani

Ndugu zangu, siku hizi kila mhamasishaji huko nyumbani anafundisha ikigai, neno la Kijapani la kile kinachompa mtu sababu ya kuishi. Anachora maduara manne, unachopenda, unachokiweza, dunia inachohitaji na kinachokulipa, halafu anawaambia vijana pale katikati ndo kusudi lako, kama hujapafikia basi bado hujaanza kuishi. Mimi naishi Nagoya, napiga kazi kiwanda cha vipuri vya magari, na hili jambo linaniuma manake linawavunja moyo vijana wetu bure kabisa. Ule mchoro wenyewe haukutoka Japani, aliutengeneza mwanablogu Marc Winn mwaka 2014 kwa kuchukua mchoro wa Mhispania Andrés Zuzunaga na kubandika ikigai pale katikati.

Huku aliyeliandikia hili jambo kwa kina ni daktari wa akili, Kamiya Mieko, kitabu chake kilitoka 1966, na alikuwa anahudumia wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani Nagashima. Watu wametolewa makwao, wengi wamekata tamaa, lakini akakuta wapo wenye kitu cha kuwaamsha asubuhi. Hapo mshahara unaingilia wapi?

Mtaani kwangu kuna mzee mstaafu, kila asubuhi ya shule anasimama kwenye zebra na kibendera cha njano anavusha watoto, halipwi na mtu. Mvua inyeshe, yupo na koti lake la mvua, na mtoto ambaye jana hakupita lazima amuulize kama alikuwa anaumwa. Akitoka hapo anaenda kwenye kibustani chake, na msimu ukifika ananigongea mlango na bilinganya kazifunga kwenye gazeti. Huyo kashastaafu, hatafuti cheo wala wafuasi, ila asipotokea pale barabarani watoto wataulizia babu yuko wapi.

Sisemi Japani ni pepo, jamani. Huku watu wanakufa kwa kufanya kazi kupitiliza mpaka mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kuzuia vifo hivyo, na 2019 wakaanza kuweka kikomo cha ovataimu, kawaida ni saa 45 kwa mwezi. Kwaiyo kazi nzuri yenye hela peke yake haimpi mtu maisha.

Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, wana vikundi vinaitwa moai, watu wanachanga hela wanapokezana, wanakutana, mwenzao akiumwa wanaenda kumuona. Mama zangu wa upatu si mnajiona hapo? Anayeamka alfajiri kwenda kukoroga uji msibani kwa jirani, huyo naye ana cha kumuamsha, na hakuna semina ya laki moja iliyomfundisha.

Ila tuseme ukweli mwingine, yule mzee wa kibendera anavusha watoto akiwa ametulia kwa sababu ana pensheni na bima ya afya. Wazee wetu wengi wa kijijini wanalima mpaka nguvu ziishe, wasipolima hawali. Zanzibar tangu 2016 wanampa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, hata kama hajawahi kuajiriwa, na kiasi ni kidogo lakini ni chake. Bara tunasubiri nini? Na kijana asiye na ajira msimwambie hajajitafuta vya kutosha, huyo anatafuta kazi, mpeni kazi.