Mzazi aingie chekechea au awaachie walimu? Mi naona tunabishania kitu kisicho chenyewe

Kila ikiguswa elimu ya watoto wadogo, wale wa miaka 3 hadi 6, watu wanagawanyika vilevile. Kuna wanaosema mzazi ndo mwalimu wa kwanza kwa hiyo lazima awepo kwenye kila kitu, homuweki, vikao, grupu la wazazi, hadi ajue leo mtoto kafundishwa herufi gani. Na kuna wanaosema mwalimu kasomea hiyo kazi, mwacheni afanye, mzazi akitia mkono anavuruga. Mi nilikuwa upande wa kwanza kabisa na kwa sehemu kubwa bado niko huko, ila kuna mambo yamenifanya nipunguze sauti.

Nianze na linalonibakisha huko. Jamaica mwaka 1986 na 1987 watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini ya Kingston. Baadhi ya familia zikawa zinatembelewa na mhudumu wa afya ya jamii kila wiki, saa moja hivi, kwa miaka miwili, anakuja na vitu vya kuchezea vya kutengeneza kwa mkono anamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuongea nae. Hakuna daftari wala mtihani. Miaka 20 baadae wale waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa kama asilimia 25 kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakutembelewa, na waliopewa lishe ya ziada tu bila huo mchezo hawakuonyesha tofauti ya maana ukubwani. Mi hili kila nikilikumbuka linanigusa, maana aliefanya kazi kubwa pale ni mama wa kawaida na mtoto wake, sakafuni.

Sasa njoo Ghana. Mwaka wa masomo 2015/16 shule za awali 240 za eneo la Accra ziligawanywa kwa bahati nasibu mafungu matatu. La kwanza walimu wakapewa mafunzo ya kufundisha kwa michezo na kutuliza darasa bila ukali. La pili wakapewa mafunzo hayohayo, na juu yake wazazi wakaitwa kwenye vikao vitatu wakaonyeshwa video na kujadili namna mtoto mdogo anavyojifunza. La tatu wakaendelea kama kawaida. Ungeuliza mtu yeyote, mi nikiwemo, angesema fungu la pili ndo litaongoza. Haikuwa hivyo, watoto wa fungu la kwanza walipanda lakini la pili kule kuongeza wazazi kukafuta ile faida iliyoletwa na mafunzo ya walimu.

Wapinzani wa wazazi kuingia wanaweza kulishika hili kama fimbo na nawaelewa. Lakini mi silisomi hivyo. Nadhani ukimwita mzazi ukumbini mara tatu ukamwambia mtoto ajifunze kwa kucheza, wakati yeye anapima shule kwa daftari lililojaa, hujamshirikisha bado, umempa wasiwasi. Anarudi nyumbani anawaza ivi hawa wanacheza tu na mimi natoa ada? Pengine anaanza kumbana mwalimu, pengine anafidia nyumbani kwa kumkalisha mtoto kwenye herufi hadi usiku. Hayo ni mawazo yangu tu, ila mtu yeyote aliewahi kukaa kikao cha wazazi wa chekechea anajua swali la kwanza linaloulizwa ni lini wataanza kusoma na kuandika.

Na hapo ndo tunafika kwenye homuweki, ambayo mi naiona ndo sehemu mbaya zaidi ya hiki tunachokiita ushirikiano. Mtoto wa miaka 4 kaamka alfajiri, karudi kachoka, mzazi nae kachoka, halafu inabidi wajaze kurasa mbili za herufi b, kalamu inateleza, mtoto analia, mzazi anapandisha sauti, mwishoni mzazi anaishika kalamu anamaliza mwenyewe ili kesho mwalimu asiulize. Nimeona hii na nimeifanya. Watafiti wawili wa Marekani, Keith Robinson na Angel Harris, walipitia takwimu za miaka kama 30 na kwenye kazi waliyoitoa 2014 wakakuta kumsaidia mtoto homuweki mara nyingi hakupandishi alama, ila kumsomea kwa sauti akiwa mdogo ni kati ya machache yaliyosaidia. Tuwe wakweli pia, mtoto anaesumbuka darasani ndo anaesaidiwa zaidi nyumbani kwa hiyo takwimu kama hizo zinaweza kumwonea mzazi. Hata hivyo yale machozi hayahitaji takwimu.

Kuna hoja ya upande wa pili naikubali kabisa, nayo ni kwamba shule ikiegemea sana familia anaeumia ni mtoto wa mzazi anaeingia kazini usiku, au asiejua kusoma, au analea peke yake. Huyo hatokei kikaoni na anaandikwa hana ushirikiano. Ila angalia ule mradi maarufu wa shule ya awali wa Perry kule Michigan, Marekani, 1962 hadi 1967, watoto 123 wa familia maskini. Wale waliopewa nafasi ya shule, mwalimu wao ndo alikuwa anakwenda nyumbani kila wiki saa moja na nusu. Kama ilivyokuwa Jamaica kwa yule mhudumu wa afya, aliyenyanyua miguu hakuwa mzazi, hapa ilikuwa shule. Najua gharama yake, mwalimu mwenye watoto 50 darasani hawezi kuzunguka nyumba 50, na simlaumu. Ila basi tusimlaumu na mzazi.

Mi nikiambiwa nichague, mwalimu abaki na herufi zake na nyumbani wabaki na maneno. Bibi asiejua kusoma anaweza kumtegea mjukuu kitendawili na kungoja ajibu, baba anaweza kuhesabu nae vijiko wakiosha vyombo, na mtoto akiuliza "kwa nini" mara ya nane ajibiwe na ya nane. Na kama shule lazima itume kitu nyumbani basi badala ya zile kurasa za b itume kakaratasi kamoja kanasema leo tumepanda mbegu kwenye kopo, muulize ya kwake ameiweka wapi, na akianza kueleza usimkatishe.