Barua Niliyomtumia "bona"

Nilikabidhiwa terminali kuukuu (skrini na kibodi tu, si kompyuta kamili), VT220, aina iliyotoka mwaka 1983. Nikaiunga kwa waya wa siriali na mashine iliyokuwa pembeni, nikaingia kwa telnet, programu ya kufikia kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwenye seva ya mbali, nikafungua Emacs, programu ya kuandikia. Mambo shwari. Nikaandika saa nzima, kisha nikataka kuhifadhi: Kontroli-X, Kontroli-S.

Kimya. Skrini imeganda.

Nikatikisa waya. Nikauchomoa kidogo, nikaupuliza (sijui pumzi inaisaidia nini shaba, lakini nilipuliza), nikaurudisha. Wapi! Uvumilivu ukaniisha, nikaamua kuitolea uvivu kwa maandishi: "mbona umeninunia, kopo la kutu wewe". Na kwa hasira nikagonga Kontroli-C mara mbili.

Fundi mmoja mzee alikuwa akipita.

"Vipi, kijana?"

"Seva imekufa, mzee."

Hakunijibu. Aliinama, akabonyeza Kontroli-Q, akaenda zake.

Skrini ikabubujika kama bomba lililozibuliwa. Chini kabisa pakaandikwa: "Sending...done".

Inatuma nini tena?

Kumbe Kontroli-S, herufi namba 19 kwenye orodha ya herufi za kompyuta, tangu enzi hizo maana yake ni "nyamaza". Ile mashine ya pembeni, iliyokuwa katikati yangu na seva, iliimeza, ikaacha kunionyesha chochote mpaka ipate namba 17, ndiyo hiyo Kontroli-Q. Ila nilichokuwa naandika kilikuwa kinafika chote! Emacs ilipokea Kontroli-X, ikafuatiwa na "m" ya "mbona", na kwake hiyo ni amri ya kuandika barua pepe. Matusi yaliyobaki yakajipanga kwenye sehemu ya anwani. Na Kontroli-C mara mbili ndiyo "tuma".

Nikauzima utaratibu wote huo wa kunyamazisha kwenye mashine ya katikati, nikajiona fundi. Nikafungua faili refu, nikalishusha kurasa kadhaa kwa pupa, nikaondoa mikono. Chini ya skrini pakatokea "I-search:". Sijagusa kitu, jamani! Nilisukuma kiti nyuma, nikaanza kukumbuka dua.

Haikuwa jini. Maandishi yakiizidi kasi, VT220 yenyewe hutuma namba 19 kuomba ipumue kabla bafa, kumbukumbu yake ndogo ya kupokelea, haijajaa. Mimi nilikuwa nimeshamfukuza bawabu, kwa hiyo ombi likapita moja kwa moja hadi kwa Emacs, ambayo Kontroli-S kwake ni "tafuta". Nayo ikawa inatafuta, masikini, bila kujua inatafuta nini.

Mzee akarudi. "Nani kakutuma kuzima?" Akawasha tena, akaandika ndani ya Emacs amri enable-flow-control, inayoiachia Kontroli-S kazi ya kunyamazisha, akaniambia kuanzia leo nihifadhi kwa Kontroli-X, Kontroli-\. Vidole vyangu havijakubali mpaka sasa.

Jioni mfumo wa barua ukanirudishia ujumbe: hakuna mtumiaji anayeitwa "bona". Wala "umeninunia". Wala "kopo", wala "la", wala "kutu".

Kuhusu "wewe" haukusema kitu.